Maharage Yaliyokunja Ngumi

9 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya kushika kalamu nimenawa mikono mara mbili, kwa sababu ulisema barua yangu iliyopita ilinuka zizi. Hapa nyumbani tu wazima. Goti la Bibi limetulia tangu mvua zianze, jambo linalomuudhi, maana alikwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mwaka huu mvua itamlaza. Baba amepata kazi ya kutengeneza milango sita ya zahanati. Ua mzima ni vumbi la mbao, nami nalifagia na kulipeleka kwenye shimo la mboji, lakini kidogo kidogo kama ulivyonifundisha, lisije likaifanya mboji ilale usingizi badala ya kuoza. Shuleni nimekuwa wa tatu. Ningekuwa wa pili, ila hesabu ni hesabu.

Sasa habari kubwa. Magunia ya samadi yamefika! Dereva wa lori la maziwa aliyashusha Jumamosi, yote kumi na manne, akilalamika kila gunia. "Mwambie shangazi yako mimi kazi yangu ni kubeba maziwa. Nikizoea kubeba na haya, mwisho atanipa ng'ombe mwenyewe nimpakate." Bibi akampa chai, malalamiko yakaisha. Barua amekubali kuendelea kuzibeba, kwa kuwa simu ya huko ni moja tu ya msimamizi, na mtandao ni wa kubahatisha.

Samadi ni nzuri sana, Shangazi. Nyeusi, kavu, inamomonyoka mkononi. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha kulima bila dawa alichukua konzi moja akainusa, akasema, "Huyu mwanamke ametuacha miezi miwili na bado anatulisha." Niligawa mwenyewe kwa kuwa ndimi katibu: magunia mawili kila nyumba, nyumba saba. Ya nane ni ya Mama Sabuni. Alikuwa amekwenda kuuza sabuni zake, na aliporudi magunia yalikuwa yamekwisha. Akasema, "Usijali, binti. Mimi na majivu yangu na maganda yangu tumezoeana." Ningeweza kumpa gunia moja katika yale yetu mawili. Sikumpa. Naliandika kwa sababu limenikaa rohoni.

Watu wamefurahi hata wametoa mbegu za akiba. Mwenyekiti anasema udongo wa namna hii haupewi nusu ya mbegu. Tutapanda yote, yale maharage yenye madoa uliyoyakusanya nyumba kwa nyumba. Tulipomaliza kugawa, wote tulisema neno lako kwa pamoja: samadi haisemi uongo.

Bibi ameniamuru niandike hivi hivi alivyosema: "Huko kwenye ranchi anafanya kazi gani hasa? Kila barua, kazi ya shamba, kazi ya shamba. Hata mimi nikifukuza ndege ni kazi ya shamba."

Akupendaye,
Mchwa wako


28 Machi

Mchwa wangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta nimelala kitandani na viatu, nikaisoma mara moja bila kuvua. Wa tatu si haba. Lakini hiyo hesabu usiichekee, nayo inakucheka.

Mpe pole Mama kwa goti lililokataa kuuma. Mwambie kaka afunge kitambaa puani anapokereza mbao. Kifua chake si cha chuma. Mimi mzima. Tunalala wanne chumba kimoja, vitanda vya chuma, na mwenzangu wa pembeni anaongea usingizini kama anayepanga bei sokoni. Dirisha letu linatazama malisho. Nyasi, Mchwa, hadi macho yachoke! Hakuna gugu hata moja. Unaweza kutembea nusu saa usione jani pana.

Nimefurahi magunia yamewafaa. Huku samadi imerundikana kama vilima, anayetaka anachukua. Nilipoiona nilifikiri nyumbani kwanza. Wekeni konzi mbili kila shimo, mchanganye na udongo, mfunike kwa nyasi kavu. Jambo la Mama Sabuni lisikukoseshe usingizi, ila siku nyingine gawa kwa hesabu ya watu, si ya waliohudhuria.

Mwambie Mama kwamba ng'ombe hula nyasi, na nyasi hazijitunzi zenyewe. Hiyo ndiyo kazi yangu. Wewe soma. Kilichonileta huku ni wewe kumaliza shule, kwa hiyo usianze kunihoji kama polisi.

Mikono yangu imechubuka kidogo, sabuni ya huku ni kali. Mwambie Mama Sabuni nimeikumbuka ya kwake.

Shangazi yako


2 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Milango ya zahanati imekwisha. Baba alijipiga nyundo kwenye kidole gumba, lakini anasema hicho si kidole anachokitumia sana. Kuku mwekundu aliangua vifaranga tisa, kunguru akachukua mmoja. Bibi anamlaani kila asubuhi kwa jina ambalo siwezi kuliandika.

Hukupata barua ya Aprili kwa sababu sikuituma. Niliandika kwamba mambo yanakwenda vizuri. Nilipoisoma nikaona uandishi ni mzuri kuliko ukweli wake, nikaificha ndani ya kitabu cha jiografia.

Maharage yameharibika.

Yaliota vizuri. Majani mawili ya kwanza yalitoka mapana na ya kijani. Yaliyofuata yakatoka yamejikunja kama ngumi za mtoto mchanga, na hayajafunguka hadi leo. Mashina yamejipinda. Nyanya zina majani membamba kama nyuzi, na ncha zimejisokota. Mahindi tu ndiyo hayana shida, yamesimama pale kama hayatujui. Nimetafuta vidukari chini ya majani kwa kutumia miwani ya Bibi, sikuona hata kimoja. Nimenyunyiza maji ya majivu. Nimepunguza maji, kisha nikaongeza. Hakuna kilichobadilika.

Si kwetu peke yake. Ni nyumba saba, Shangazi. Mwenyekiti alisimama kati ya matuta yake amejishika kiuno, akasema, "Miaka mitatu sijapaka shamba hili dawa hata kijiko. Haya ndiyo malipo yangu?" Mke wa fundi baiskeli anasema bora turudi kwenye dawa za dukani, angalau zile zinaua wadudu na si maharage. Kumbuka tulipanda hadi akiba. Kati yetu saba hakuna mwenye mbegu ndani ya nyumba.

Nimepitia daftari la kikundi ukurasa kwa ukurasa kutafuta nilipokosea. Tarehe ni zile zile, nafasi kati ya mashimo ni ile ile. Umenifundisha kwamba mmea haufi bila kuacha ushahidi. Huu ushahidi siujui kuusoma. Nifundishe.

Mchwa


14 Mei

Mchwa,

Marahaba. Naandika upesi, dereva ameshawasha gari.

Ng'oa maharage na nyanya zote zilizojikunja. Usizirudishe kwenye shimo la mboji. Usimpe mbuzi. Samadi iliyobaki kwenye magunia usiiweke mahali popote, hata kwenye maua ya Mama. Waambie na wenzako wafanye hivyo. Palipoharibika pandeni mahindi, hayatadhurika.

Hukukosea wewe. Usiniulize zaidi, fanya tu.

Mwambie Mama nimenenepa.

Shangazi


22 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Bibi amesikia kwamba umenenepa na amesema, "Mtu aliyenenepa huandika barua ndefu." Baba mzima. Vifaranga wamebaki sita.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko somo la mtihani. Haina jina la ugonjwa. Haina sababu. Tangu nikiwa mdogo ulikuwa ukiniambia, "Uliza kwanza, jembe litasubiri." Hujawahi kuniambia fanya tu.

Nimefanya. Nimewaambia na wenzetu wafanye. Wakaniuliza kwa nini, nikasema Shangazi ameagiza. Wakang'oa kwa heshima yako, lakini wakaendelea kutafuta mchawi wao.

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya tangi letu la maji ya mvua. Mama Sabuni akaja na ndoo zake. Mke wa fundi baiskeli akamwambia kwa sauti ya watu wote, "Maharage ya wenzio yamepooza, ya kwako yanapanda hadi kwenye paa. Unayanong'oneza nini?"

Mama Sabuni akacheka, akidhani ni utani. "Nayaimbia. Njoo jioni nikufundishe."

"Wimbo wa magadi? Maji yako ya kupikia sabuni unamwaga wapi?"

"Kwenye shimo, nyuma ya nyumba yangu. Lile lile mlilonisaidia kuchimba."

"Na shimo linakwenda wapi?"

"Shimo linakwenda wapi tena, mama? Shimo ni shimo."

"Linakwenda chini, na chini ni kwetu," akasema mke wa fundi baiskeli. "Nyumba saba zimekufa, moja iko hai. Mwenye macho haambiwi tazama."

Nilimtazama Mwenyekiti, nikitegemea atasema kitu cha haki, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Akasema taratibu, "Mpaka tukutane kwenye kikao, ni bora wewe uchote kule bondeni." Mama Sabuni alisimama kidogo na ndoo zake tupu. Kisha akageuka. Bondeni ni mwendo wa nusu saa, na kurudi ni mlima.

Sasa sikiliza nilichofanya. Siku ile ile nilipokuandikia kwamba maharage yameharibika nilichukua makopo manane ya siagi, nikayatoboa chini. Manne nikajaza udongo wa kwetu mtupu. Manne nikajaza udongo huo huo, nikaongeza samadi ya magunia. Maharage nilimwomba Mama Sabuni. Alinipa kumi na sita ya mwisho aliyobakiza, bila kuniuliza ya nini. Maji nilichota kwenye tangi moja, na makopo yote yalikaa dirisha moja. Juzi, tarehe ishirini, jani la tatu limefunguka. Makopo manne yana majani yaliyonyooka. Manne yamekunja ngumi.

Ya Mama Sabuni ni mazima kwa sababu magunia hayakumfikia.

Na wewe uliandika kwamba huko mtu anaweza kutembea nusu saa asione jani pana. Shangazi, nyasi za huko zinapuliziwa nini? Kikao ni Jumamosi tarehe 13 Juni. Wanataka kumtoa Mama Sabuni kwenye kikundi na kwenye tangi. Sijamwambia mtu kuhusu makopo, nayaficha nyuma ya mbao za Baba. Nijibu kabla ya siku hiyo. Sitaki kusema jambo juu yako ambalo hujaniambia mwenyewe.

Mchwa


10 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenichukua wiki mbili kuijibu, na katika wiki hizo nimeanza barua nne. Hii ya tano naituma kabla sijaichana.

Anayezipulizia ni mimi.

Waliniajiri nisimamie bustani ya mboga ya wafanyakazi. Ilidumu wiki tatu. Mpulizaji mmoja akaacha kazi, msimamizi akaniita. "Wewe si mtu wa mimea? Shika bomba." Nikamwambia mimi nafundisha watu kulima bila dawa. Akasema, "Hapa si darasani." Nikakufikiria wewe na sare yako, nikashika. Kila asubuhi nalibeba mgongoni, navuka malisho kutoka ua hadi ua. Dawa hii inaua kila chenye jani pana na kuacha nyasi. Ng'ombe anakula nyasi na haimdhuru. Inapita ndani yake kama abiria, inashuka na samadi ikiwa hai.

Hili la mwisho sikulijua nilipowatumia magunia. Nilijua baada ya barua yako ya kwanza ya Mei, nilipomuuliza daktari wa mifugo. Alinishangaa. Imeandikwa kwenye mtungi wenyewe, maandishi madogo upande wa nyuma, kwamba samadi isiwekwe kwenye mboga. Mimi niliyekufundisha kusoma hadi nyuma ya pakiti ya mbegu! Miezi mitatu nimeubeba mtungi ule na sikuwahi kuugeuza. Nilikuwa sitaki kuusoma, Mchwa. Niliona nikiusoma nitajua nafanya nini.

Nakuomba jambo, na najua si jambo la kumwomba mtoto. Usinitaje. Sema samadi ilikuwa changa. Sema ni ugonjwa wa mimea, upo wa namna hiyo. Mtetee Mama Sabuni kwa njia nyingine, una akili, utaipata. Wanawake wale niliwafanya wavunje chupa zao za dawa mbele yangu. Wakisikia ninachofanya hawataniamini tena, na pengine hawatauamini hata udongo. Nami sitakuwa na pa kurudi. Nipe muda, nitarekebisha kimya kimya.

Choma barua hii. Mama asiione.

Shangazi yako


14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Bibi mzima. Baba mzima wa mwili.

Alhamisi nilisimama kituo cha maziwa tangu nilipotoka shule hadi giza likaingia. Lori halikuja. Walisema limevunjika ekseli karibu na daraja. Kwa hiyo nimekwenda kwenye kikao bila jibu lako.

Tulikaa kwenye karakana ya Baba kwa sababu ya mvua, watu wamekaa juu ya mbao na mapipa ya rangi. Mama Sabuni alikaa karibu na mlango, na mahali pa mtu mmoja pakabaki wazi kila upande wake. Mwenyekiti akasema tuanze na jambo gumu ili tumalize na rahisi. Mke wa fundi baiskeli akasema jambo hilo halina ugumu, mtu atoke, watu walime. Wakaniambia niandike. Niliandika tarehe. Niliandika waliohudhuria. Kisha kalamu ikakataa.

Nikaenda nyuma ya mbao nikayatoa makopo, nikayapanga sakafuni, manne na manne. Nikaeleza. Nilikwenda kwa utaratibu: udongo, maji, mbegu, siku. Nikasema, "Tofauti ni moja, ni samadi tuliyoletewa. Nadhani nyasi za huko zina dawa. Shimo la Mama Sabuni halihusiki."

Mke wa fundi baiskeli akasema, "Unasema shangazi yako ametutilia sumu?"

"Nasema magunia yametoka kwake. Mengine siyajui."

"Yule yule aliyetusimamisha hapa tukavunja chupa?"

"Ndiye."

Mwenyekiti aliinama akaokota kopo moja, akalisogeza karibu na macho, kisha la pili. Akasema, "Haya yamefanana na ya kwangu kabisa," akayarudisha chini polepole kama mayai.

Nilidhani Mama Sabuni atanishukuru. Nakuambia ukweli, nilikuwa nimeshajiandaa kushukuriwa. Akaniuliza kutoka pale mlangoni, "Ulijua lini?"

"Tarehe ishirini, mwezi wa tano."

"Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Wewe si msomi? Hesabu."

Nikahesabu mbele za watu. "Siku ishirini na nne."

"Ishirini na nne," akasema. "Kila siku safari mbili za bondeni. Na maharage ulikuja kuyaomba kwangu." Akachukua kitenge chake akatoka kwenye mvua. Mwenyekiti akamwita, hakugeuka. Tangi sasa liko wazi kwake, tumeandika na kutia saini, lakini asubuhi ya leo nimemwona akishuka bondeni na ndoo.

Baba hasemi nami. Jana alisema sentensi moja tu: "Umemvua nguo dada yangu hadharani." Bibi aliniwekea chakula, akakaa kando yangu hadi nikamaliza.

Kama nimekuonea, niambie. Kama sikukuonea, niambie pia.

Mchwa


21 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Lori limetengenezwa. Barua yako ya tarehe kumi imenifikia Alhamisi, siku tano baada ya kikao.

Nimejiuliza kama ingewahi ningefanyaje. Nimejiuliza usiku na darasani pia, hadi mwalimu akaniuliza kama naumwa. Nimeshindwa kujua. Ninachojua ni kwamba nafurahi haikuwahi, na naona aibu kwa kufurahi.

Sikuichoma. Nilimpa Bibi. Nisamehe, lakini alikuwa ananitazama nikiisoma, na Bibi hajui kusoma herufi ila anajua kusoma uso. Nilimsomea yote, hata pale uliposema asiione. Akasema, "Kumbe amekonda." Kisha akamwita Baba nikaisoma tena. Baba alitoka nje akapiga randa ubao ambao ulikuwa laini tayari. Jioni aliniambia, "Shule yako ni kazi ya baba yako. Dada yangu alijitwika, nikamwachia. Kosa hilo ni langu, usiliandike kwa mwingine." Tangu hapo tunasalimiana.

Jana nilikwenda kwa Mama Sabuni. Sikwenda na salamu za kikundi, nilikwenda na ndoo zangu mbili nimezijaza kwenye tangi. Alikuwa anakata sabuni kwa waya. Hakuniambia nikae. Nikamwambia kila kitu, na bomba, na mtungi ambao hukuugeuza. Alikata vipande vingi. Halafu akauliza, "Mikono imechubuka?" Nikasema uliandika hivyo. Akasema, "Lazima ichubuke."

Nikamuomba msamaha kwa siku ishirini na nne. Akasema, "Huo nimeusikia. Nitaufikiria."

Lakini liko jambo, na linakuhusu. Wote tulipanda hadi akiba. Maharage yenye madoa yaliyobaki hai kijiji kizima ni ya kwake. Yameanza kukauka kwenye maganda. Juma hili wamepita kwake mmoja mmoja, kila mmoja kwa mlango wa nyuma, na kila mmoja na kizawadi. Mke wa fundi baiskeli alipeleka mayai sita. Mama Sabuni ameyapokea mayai na hajatoa hata punje. Nilipotoka aliniita langoni.

"Mbegu nitatoa," akasema. "Nyumba zote saba. Siwezi kuwaacha watu bila mbegu kwa sababu ya midomo yao. Lakini sitampa Mwenyekiti, wala sitakupa wewe katibu. Atakuja kuzichukua yule mwenye bomba. Mwenyewe. Mchana, watu wakiona. Azichukue mkononi mwangu, azipeleke mlango kwa mlango, na kila mlango aseme alichofanya. Akikataa, nitazila."

Nikamuuliza kama niandike hivyo. Akasema, "Andika, na usiipambe."

Sikuipamba. Msimu wa kupanda unaanza wiki ya tatu ya Julai. Matuta ya karibu na tangi hayakupata samadi, maharage yanaweza kuota pale. Kwingine itabidi mahindi, na kusubiri, na kujaribu tena kwenye makopo kila miezi michache.

Shangazi, uliandika kwamba hutakuwa na pa kurudi. Mimi naona umepewa pa kurudi. Pana mlango mgumu, basi.

Mchwa wako


2 Julai

Mchwa,

Marahaba. Hukunionea.

Dereva amekaa kwenye ngazi ya gari anakula hindi la kuchoma, ameniambia andika hadi uchoke, leo maziwa yatasubiri. Sidhani unajua jinsi watu wa njia hii waliosikia habari ya makopo yako wanavyokuheshimu.

Barua yako ya kikao niliisoma nimevaa bomba. Niliikasirikia, na wewe pia nilikukasirikia, siku mbili nzima. Ile ya pili niliisoma usiku. Asubuhi nikaamka na hasira nikaitafuta kila mahali, sikuiona.

Jana nimerudisha bomba. Msimamizi akauliza kama naumwa. Nikasema hapana, nimejifunza kusoma. Hakuelewa, akanitilia saini. Nimeandika kwa mkono wangu maneno yaliyo nyuma ya mtungi, nimeyabandika penye rundo la samadi, kwa ajili ya yeyote atakayetaka kupeleka kwao. Mwenzangu anayeongea usingizini amesema watayabandua. Nimemwachia nakala tatu.

Mwambie kaka sikujitwika kwa kulazimishwa. Tutazungumza, yeye na mimi, kama watoto wa mama mmoja. Ada tutaipata kwa jasho la namna nyingine. Wewe kazana na ile hesabu.

Nimejaribu kufanya mazoezi ya nitakachosema mlangoni. Nimeyasema kwa kitanda, nimeyasema kwa ng'ombe. Mlango wa Mwenyekiti ndio unaonitisha zaidi, kwa sababu hatanigombeza.

Nakuja na lori la Jumamosi tarehe kumi na moja. Nitashuka kituo cha maziwa saa sita mchana. Usije kunipokea mzigo, na usimlete mtu wa kunitetea. Nitakwenda kwa Mama Sabuni moja kwa moja. Njia inapita mbele ya nyumba yetu, najua, na Mama atakuwa ameketi nje. Mwambie nitampita nikimwona, bila kusimama. Asinune. Nitamwamkia nikirudi, mikono yangu ikiwa imebeba mbegu.

Shangazi yako